Mgonjwa wa Kansa Anayetapika Asiachwe Avumilie Tu

Mtu akilia kwa maumivu, watu wote wa nyumba husimama. Mmoja hukimbia kutafuta dawa, mwingine huenda kumwita munganga. Lakini mtu mwenye kansa akisema, "Moyo wangu unachafuka, chakula hakikai tumboni," watu humjibu, "Vumilia, ndivyo ugonjwa huo ulivyo." Kisha wanamwekea beseni karibu na kitanda, nao wanatoka nje.

Mimi naona jibu hilo si jema, nami nataka kueleza sababu zangu ili kila msomaji azipime mwenyewe. Neno langu ni hili: kichefuchefu na kutapika kwa mtu mwenye kansa si adhabu, wala si mzigo ambao imempasa kuubeba kimya. Ni ugonjwa juu ya ugonjwa. Una sababu zake, na mara nyingi sababu hizo zaweza kujulikana. Una dawa zake, na nyingine ni za bei ndogo. Mtu akiuacha bila kuutafutia msaada, anamwacha mwenzake ateswe bure.

Tena si mateso tu. Anayetapika siku nyingi hukauka maji ya mwili, hukosa nguvu, na vidonge vyake vya maumivu hutoka pamoja na uji. Mwisho anasema, "Sitaki tena dawa ya kansa." Hapo kutapika kumemshinda kabla kansa haijamshinda. Neno hilo ndilo linalonihuzunisha zaidi.

KUTAPIKA KUNATOKA WAPI?

Wengi hudhani kutapika hutoka tumboni peke yake. Sivyo. Ndani ya kichwa, chini ya ubongo upande wa nyuma, pana mahali panapouamuru mwili kutapika. Mahali hapo ni kama mlinzi wa usiku mwenye kengele. Mlinzi huyu hupokea habari kutoka pande nyingi: tumboni na matumboni, katika damu, ndani ya masikio, katika pua na macho, hata katika mawazo na hofu za mtu. Akisikia habari ya hatari, anapiga kengele. Mate hujaa kinywani, jasho hutoka, tumbo hukazwa, na chakula kinarudi.

Mtu akila nyama iliyooza, kazi ya mlinzi huyu ni njema kabisa. Lakini katika ugonjwa wa kansa kengele hulia mara nyingi bila faida. Basi tukitaka inyamaze, imetupasa kuuliza: ni nani anayeipiga? Maana dawa inayofaa kwa sababu moja huenda isifae kwa nyingine.

Sababu ya kwanza ni dawa za kansa zenyewe. Dawa hizi zinapoingia mwilini, chembe fulani za matumbo humwaga kitu kinachoitwa serotonini, nacho hupeleka habari kwa yule mlinzi. Dawa zote hazilingani. Ile inayoitwa sisiplatini ni kali sana. Bila dawa ya kuzuia, karibu kila mtu anayepewa hutapika. Vinkristini hutapisha kidogo tu. Tena yafaa kujua ya kuwa kutapika kwa dawa kali kuna nyakati mbili: siku ile ile ya sindano, na tena siku ya pili mpaka ya tano. Wengi hudanganyika na jambo hilo. Siku ya kwanza ikipita vizuri wanaacha vidonge vya kuzuia, na siku ya tatu wanashangaa.

Sababu ya pili ni miali inayochoma kansa, hasa ikielekezwa tumboni.

Sababu ya tatu ni morfini, dawa ya maumivu makali. Mtu akianza kuitumia, moyo wake unaweza kuchafuka siku za kwanza. Kwa watu wengi hali hiyo hupita katika muda wa juma moja hivi, kwa kuwa mwili unaizoea. Haifai kuitupa morfini kwa ajili ya siku hizo chache. Afadhali munganga ampe dawa ya kutuliza moyo mpaka siku hizo zipite.

Sababu ya nne watu huisahau, nayo ni kufunga choo. Morfini haiachi kufunga choo, hata mtu akiizoea miezi mingi. Matumbo yakijaa, chakula hakina mahali pa kwenda ila kurudi juu. Kwa hiyo anayetumia morfini apewe dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Mgonjwa mwingine hutapika juma zima, kumbe hajaenda choo siku nane, na hakuna mtu aliyemwuliza.

Sababu ya tano ni kansa kuziba njia. Ikiziba mlango wa chini wa tumbo, mtu hutapika chakula alichokula jana. Ikiziba matumbo, tumbo huvimba, choo hakitoki, hata upepo hautoki.

Sababu ya sita ni uchafu katika damu. Mwanamke mwenye kansa ya mlango wa kizazi anaweza kupata hali hii: uvimbe hubana mishipa inayoleta mkojo kutoka katika figo, na uchafu uliopaswa kutoka kwa mkojo hubaki katika damu. Tena kansa nyingine humwaga madini ya mifupa ndani ya damu. Mtu huyo ana kiu sana, hukojoa sana, hufunga choo, husinzia na kuchanganyikiwa. Pia ini likishindwa kazi yake, moyo huchafuka.

Ziko na nyingine. Uvimbe katika ubongo huleta kutapika na kuumwa kichwa, hasa asubuhi. Ukungu mweupe wa kinywani na kooni hufanya kila chakula kichukize. Hofu nayo ina nguvu: yuko mgonjwa anayeanza kutapika akiona tu mlango wa hospitali, kabla hajaguswa na sindano. Huyo hajifanyi. Mwili wake umekumbuka mateso ya mara ya kwanza. Tena tusisahau ya kuwa mtu mwenye kansa ni mtu kama wengine: aweza kutapika kwa sababu ya malaria, na malaria hiyo inataka dawa yake.

Mwaona basi. Neno "vumilia" haliwezi kuwa jibu kwa mambo haya yote. Mmoja anataka dawa ya choo, mwingine dawa ya ukungu, mwingine upasuaji, mwingine vidonge kabla ya sindano. Anayesema "ndivyo ulivyo" hajatafuta.

MANENO YANAYOSEMWA VIJIJINI

"Ametiwa sumu." Kwetu Kivu watu wengi wakiona mtu amekonda, anatapika, anakataa chakula, hawasemi kansa. Wanasema karuho. Kisha wanampeleka kwa mtu wa kutapisha, anayempa majani ya kumfanya atapike zaidi, ili eti sumu itoke. Fikirini jambo hilo. Mtu ambaye matumbo yake yamezibwa, ambaye maji ya mwili wake yamekwisha, anatapishwa kwa nguvu! Fedha ambazo zingelipa safari ya hospitali zinabaki huko, na miezi inapita. Akifika hospitali, uvimbe uliokuwa mdogo umekuwa mkubwa. Tena jirani au mke mwenza ameshitakiwa kwa kosa asilolifanya, na jamaa mbili hazisalimiani tena. Mimi sisemi ya kuwa hakuna mtu duniani aliyepata kumtia mwenzake sumu. Nasema ya kuwa kutapika na kukonda si ushuhuda wa sumu. Mpelekeni kwanza apimwe.

"Dawa ya hospitali ndiyo inayomwua." Neno hili lina sura ya kweli, maana watu wanaona kwa macho yao: kabla ya sindano alikula bugali, baada ya sindano hawezi hata maji. Nitajibu kwa mfano wa watoto. Mwaka 1958 munganga Denis Burkitt, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago kule Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya unaowapata watoto wa Afrika. Baadaye yeye na wenzake waliona ya kuwa dawa za kansa zaweza kuuyeyusha uvimbe ule upesi sana. Ugonjwa huo uko Kongo pia. Leo watoto wengi wenye uvimbe huo hupona, wakifika mapema na wakimaliza dawa zao zote.

Lakini angalieni linalotokea. Mtoto anapewa dawa ya kwanza. Uvimbe unaanza kupungua, lakini mtoto anatapika usiku kucha. Baba anasema, "Uvimbe umepungua, na dawa inamtesa mtoto wangu. Twende nyumbani." Wanakwenda. Baada ya majuma machache uvimbe unarudi na nguvu mpya, na safari hii dawa zinashindwa. Baba huyo si mtu mbaya. Alimhurumia mwanawe. Lakini kama mtoto angepewa dawa ya kuzuia kutapika, na baba angeelezwa mapema, wangebaki. Kutapika kwa dawa hupita, tena kunatibika. Uvimbe ulioachwa haupiti wenyewe.

"Asipokula atakufa, mlazimisheni." Hili ni neno la upendo, lakini linaumiza. Binti anaketi na sahani kitandani: "Mama, kula. Mama, fungua kinywa. Wataka kutuacha?" Mama anakula vijiko vitatu ili binti asilie, kisha anatapika vyote pamoja na vidonge vyake. Kesho yake akisikia hatua za binti mlangoni, moyo unachafuka tayari. Chakula kimekuwa vita, na binti amekuwa askari wa vita hiyo. Ugonjwa ndio unaoondoa hamu ya kula, si ubishi wa mgonjwa. Mwulizeni, "Mama, ungependa nini leo?" Akisema, "Sitaki kitu," mwambieni, "Vema, mama, tutauliza tena baadaye." Heshima hiyo humletea hamu ya chakula kuliko kumlazimisha.

"Imani yake ni ndogo." Neno hili husemwa katikati ya washarika wenyewe. Ndugu zangu, kutapika hakupimi imani ya mtu. Mwenye imani kubwa akipewa sisiplatini bila dawa ya kuzuia atatapika sawasawa na jirani yake. Msiongeze aibu juu ya beseni.

DAWA ZIPO

Zamani waganga walikuwa na msaada mdogo katika jambo hili, na wagonjwa wengi waliikimbia hospitali. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilianza kutumika dawa iitwayo ondansetroni, inayoziba njia ya serotonini, na kazi ya dawa za kansa ikabadilika. Mwaka 2009 Shirika la Afya la Ulimwengu liliiandika katika orodha yake ya dawa za lazima. Mara nyingi hutolewa pamoja na deksametazoni, nayo nguvu yake huongezeka. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa juu ya olanzapini, dawa iliyojulikana kwanza kwa wagonjwa wa akili: ikiongezwa juu ya dawa nyingine za kuzuia, wagonjwa waliopewa dawa kali za kansa walipata kichefuchefu kidogo zaidi.

Mbali na hizo kuna metoklopramidi, inayosaidia tumbo lisilosukuma chakula chini, na haloperidoli, inayofaa hasa pale damu ilipochafuka au morfini inapochafua moyo. Hizi ni dawa za zamani na bei yake si kubwa. Hata hivyo mtu asijinunulie dukani kwa kubahatisha. Metoklopramidi haifai kwa mtu ambaye matumbo yake yamezibwa kabisa, maana humwongezea maumivu. Na kwa watoto na vijana inaweza kukaza shingo na kugeuza macho. Munganga ndiye achague.

Sheria ya kwanza ya dawa hizi ni hii: zitangulie. Mwenye nyumba hafungi mlango mwizi akiisha kuingia. Dawa ya kuzuia itolewe kabla ya sindano ya kansa, kisha iendelee kwa saa zake siku zote zilizoandikwa, hata kama mtu anajisikia vizuri. Hata yule mgonjwa anayetapika mlangoni pa hospitali husaidiwa hivi, maana aliyelindwa vizuri mara ya kwanza hapati kumbukumbu mbaya ya kumtapisha mara ya pili.

Sheria ya pili: mtu asiyeweza kushika vidonge tumboni asiendelee kupewa vidonge tu. Ziko njia nyingine, kama sindano chini ya ngozi. Akitapika mara baada ya kumeza kidonge, mwambieni munganga, msirudie dozi kwa kukisia.

Najua mtakalonijibu. Mtasema, "Sisi ni maskini, hatuwezi kununua dawa mbili, moja ya kansa na moja ya kutapika." Neno hilo ni zito, wala silidharau. Lakini hesabuni vizuri. Mgonjwa aliyetapika siku nne huletwa hospitali kwa pikipiki, analazwa, anapewa seromu, na mtu mmoja wa jamaa anaacha shamba ili amlinde. Mara nyingi hayo yote yanazidi bei ya vidonge ambavyo vingemzuia asikauke.

Wengine watasema, "Waganga wana wagonjwa wengi, hawana nafasi." Nami nasema kuuliza hakuhitaji nafasi kubwa. Naona ingefaa kila hospitali yenye wagonjwa wa kansa iweke desturi hii: asubuhi, mwuguzi anapopima joto na mapigo ya moyo, aulize pia, "Umetapika mara ngapi tangu jana? Moyo unachafuka kidogo au sana? Umeenda choo lini?" Ayaandike majibu katika karatasi ile ile. Kutapika huonekana, kwa kuwa beseni linajaa. Kichefuchefu hakionekani. Mtu anaweza kulala kimya siku nzima, uso ukutani, akiteswa na kichefuchefu kuliko aliyetapika mara mbili. Na mama zetu wengi hawasemi mpaka waulizwe, maana wamefundishwa kutolalamika.

KAZI YA WATU WA NYUMBANI

Dawa peke yake haitoshi. Jamaa wana kazi yao, nayo si ngumu.

Harufu ndiyo adui mkubwa. Mafuta ya ngazi yakichemka, makayabu yakikaangwa, sombe ikiiva karibu na kitanda, mgonjwa anaweza kutapika kabla hajaona sahani. Pikeni mbali naye, fungueni dirisha. Chakula kilichopoa kina harufu kidogo kuliko cha moto.

Mpeni kidogo kidogo. Sahani iliyojaa humwogopesha. Uji mwepesi, kipande cha ndizi, kiazi kimoja, bugali kidogo kama yai: hivyo vinatosha kwa mara moja, kisha tena baada ya saa mbili. Akiisha kula, akae ameegemea mto, asilale chali mara moja. Asafishe kinywa chake baada ya kutapika na kabla ya kula.

Maji ni ya lazima kuliko chakula. Chukueni litre moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, tieni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa juu. Mpeni kijiko kimoja kimoja kila baada ya dakika chache. Akinywa kikombe kizima kwa haraka, kitarudi. Tangawizi katika chai huwasaidia wengine kutulia moyo, wala sikatazi. Lakini haichukui nafasi ya dawa.

Mtu dhaifu sana alazwe kwa ubavu, ili matapishi yasiingie katika mapafu. Beseni liwe na kifuniko, limwagwe upesi, lioshwe. Mgonjwa akiwa amepewa dawa ya kansa katika siku mbili zilizopita, anayemwaga matapishi avae mipira ya mikono au mfuko wa plastiki, kisha anawe kwa sabuni. Na mama mwenye mimba asiifanye kazi hiyo. Si kwamba kansa inaambukiza. Hapana, matapishi hayampi mtu kansa. Ila mabaki ya dawa yanaweza kuwamo.

Tena yako mambo ambayo hayangojei kesho. Mpelekeni hospitali upesi mtu huyu:
anayetapika damu, au kitu cheusi kama kahawa iliyosagwa;
ambaye tumbo limevimba, wala choo wala upepo hautoki;
ambaye matapishi yake yana harufu ya choo;
asiyeweza kushika hata maji tangu asubuhi mpaka jioni, au hakojoi;
aliyepewa dawa ya kansa, kisha joto la mwili wake likafika 38 au zaidi;
anayetapika huku kichwa kikiuma sana, au anachanganyikiwa.

KAZI YA WASHARIKA

Kumtazama mgonjwa ni desturi yetu njema. Lakini kuna namna ya kutazama inayosaidia na namna inayochosha. Watu kumi wakiingia katika chumba kidogo, mmoja amejipaka manukato, mwingine ameleta samaki, wote wakimwambia, "Jaribu kula mbele yetu tuone," wakitoka mgonjwa anatapika. Waingie wawili. Wakae muda mfupi. Waulize, "Twaweza kufanya nini?" Na jibu mara nyingi liko nje ya chumba: kuna nguo za kufua, kuna watoto wa kupeleka shule, kuna mke ambaye hajalala usiku tatu na anataka mtu wa kushika zamu yake.

Kuna na jambo la safari. Wagonjwa wengine wa upande wetu wa mashariki huvuka mpaka kutafuta matibabu ya kansa, Kampala au Butaro katika Rwanda. Wakirudi nyumbani kati ya dozi na dozi, wako mbali na waganga wao, na siku ya tatu ya kutapika inawakuta kijijini. Kusanyiko likichanga fransi kidogo kwa ajili ya vidonge vya kuzuia na nauli ya kurudi, limefanya kazi kubwa kuliko kuchanga baadaye kwa ajili ya sanduku la maiti.

NA YULE AMBAYE HATAPONA?

Limebaki neno moja. Watu husema, "Huyu hatapona, waganga wamekwisha sema. Dawa ya kutapika ni ya nini tena?" Mimi najibu: ni kwa ajili yake hasa. Mtu aliyebakiwa na miezi miwili ana haki ya kuziishi siku zake akiweza kunywa chai, kuongea na wajukuu, kumaliza mashauri ya shamba lake na kupatana na ndugu aliyekosana naye. Mtu anayetapika mchana na usiku hawezi moja la hayo.

Kazi hii ya kutuliza inajulikana, nayo inafanywa hata katika nchi zisizo na mali. Mwaka 1993 munganga Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda kule Kampala, na wauguzi wake wakawafikia wagonjwa nyumbani mwao wakiwa na morfini ya maji na dawa za kutuliza moyo. Mwaka 2004 serikali ya Uganda iliwapa ruhusa wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuandika morfini wao wenyewe. Hata yule ambaye matumbo yake yamezibwa, wala hawezi kupasuliwa, anaweza kupewa dawa chini ya ngozi zinazopunguza kutapika na maumivu. Huenda atatapika mara moja kwa siku mahali pa mara kumi. Kwa mwenye afya ni tofauti ndogo. Kwa yule aliye kitandani ni siku nzima aliyorudishiwa.

Basi ndugu msomaji, ukiwa na mtu wako mwenye kansa nyumbani, jioni ya leo mwulize kwa upole kama moyo wake unachafuka, tangu lini, na saa gani. Yaandike majibu yake katika karatasi, uyalete kwa munganga. Na munganga akikujibu, "Avumilie tu," usiondoke. Mwulize, "Sababu yake ni nini, na dawa yake ni ipi?" Hilo si swali la utovu wa adabu. Ni swali la haki, nasi tulio katika kazi ya hospitali imetupasa kulijibu.